Kanyama au Lidude? Mnyama Anayeteleza Hewani Tunamuonea

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu alinikuta uani hapa Mwanga, Kigoma, nachambua dagaa kwenye ungo, akanisogezea simu usoni, shangazi hebu ona haka kanyama jamani, ona macho yake, natamani nikaweke mfukoni nitembee nako. Nikafuta mikono kwenye kanga nikaangalia. Alikuwa kindi mdogo anayeteleza hewani, wale wa kisiwa cha Hokkaido kule Japani, amekaa kwenye tawi lenye theluji, manyoya yamevimba kwa baridi mpaka amekuwa duara kama donge la pamba, macho meusi makubwaa. Nikamwambia kweli, kazuri. Akasogeza picha, ikaja nyingine, kolugo, naye anateleza hewani, wa misitu ya Malaysia, amejibandika kwenye gome la mti, ngozi imening'inia pembeni kama shuka iliyolowa, uso mrefu, macho yametoka. Binti akarudisha mkono haraka kama kashika kaa la moto. "Mh, shangazi, na hili lidude je?"

Dagaa niliwamaliza siku ileile lakini hayo maneno mawili hayajaniondoka mpaka leo. Kanyama, lidude. Mi nafundisha baiolojia sekondari kwaiyo uzito wa huyo lidude naujua, ni kilo moja na kitu, akinenepa sana hafiki mbili, jogoo wa kienyeji anayezunguka hapa uani anamzidi mwili. Yani mnyama mwepesi kuliko jogoo tumempa li- ileile tunayosemea lijoka na lijitu. Na wala simlaumu mtoto, maana hata mimi ile picha ya pili ilinishtua kidogo kabla akili haijakaa sawa, ndo maana nikaona hili jambo lichambuliwe vizuri kwa sababu swali la "mzuri au mbaya" kwa wanyama hawa linaonekana la mchezo ila lina madhara, afu Kigoma linatuhusu kuliko tunavyodhani, nitafika huko.

Kwanza lugha yenyewe. Kiswahili tunachoongea kila siku kimefunga mambo mawili kwenye neno moja. Mtu mbaya ni mwenye sura isiyopendeza, na mtu mbaya ni huyohuyo anayeiba na kuloga. Kitu kizuri kinapendeza macho na hapohapo kinafaa. Tunalo neno -ema la kutenganisha, wazee walilitumia sana, mtu mwema, tendo jema, lakini mtaani siku hizi limebaki kwenye kadi za mwaliko na salamu za sikukuu. Kwaiyo ukisema "mnyama huyu mbaya" unadhani umesema habari ya sura tu, kumbe umeshamhukumu na tabia. Bundi hajawahi kumfanyia mtu kitu lakini akitua juu ya bati usiku watu hawalali. Popo ndo usiseme. Mwaka 1995 kule Unguja na Pemba hofu ya popobawa, jini la usiku, iliwafanya watu walale nje kwa makundi, na jina lenyewe ukilisikiliza ni bawa la popo, hamna kingine, ngozi iliyotandazwa gizani. Sasa mnyama anayeteleza hewani amebeba ngozi ileile, anatoka usiku uleule, anaanza kesi yake akiwa ameshashindwa nusu.

Na hawa sio popo. Naomba hapa tuelewane maana watu wanachanganya. Katika wanyama wote wanaonyonyesha anayeruka kweli kwa kupiga mabawa ni popo peke yake. Wengine wote tunaosema "wanaruka" hawapigi kitu, wanapanda mti, wanajirusha, wananyoosha mikono na miguu, utando wa ngozi uliounganisha mkono na mguu unakamata hewa, wanaambaa mpaka mti wa mbele chini kidogo ya pale walipotokea, basi. Kolugo wapo Asia ya Kusini Mashariki, spishi mbili tu zinazotambulika kwa kawaida, mmoja yuko Ufilipino na mwingine kuanzia Malaysia mpaka Borneo na Java. Kindi wanaoteleza wapo aina kama 50, Asia ndo kwao ila wapo mpaka Finland na Marekani. Australia wapo wa ukoo wa wanyama wenye mfuko, ndugu wa kangaruu kwa mbali. Na Afrika tunao wetu, mkia magamba, nimemweka mwishoni makusudi.

Kinachonivutia mimi kama mwalimu ni kwamba hawa hawakurithishana ujuzi. Kila ukoo ulibuni peke yake, ukihesabu waliopo hai sasa ni angalau mara 6 tofauti, na ukiwafungua ndani unaona kabisa kila mmoja kafanya kwa fundi wake. Kindi wa Asia ana kijiti cha gegedu kinachochomoza kwenye kifundo cha mkono kutanua ngozi, wa Afrika kijiti hichohicho kinatokea kwenye kiwiko, wa Australia hana kijiti kabisa, na kolugo amepita wote, ngozi yake inaanzia shingoni inafunga mpaka ncha za vidole, inashuka miguuni, inamalizia na mkia mzima, hajaacha hata upenyo. Yule anateleza zaidi ya mita 100 kwa mruko mmoja. Ni urefu wa uwanja wa mpira, kwa mnyama asiye na bawa, usiku, katikati ya matawi.

Sasa turudi kwenye sura. Mwaka 1943 mtafiti wa Austria anaitwa Konrad Lorenz aliandika kwamba binadamu tuna kitu ndani kinachoamka tukiona kichwa kikubwa kuliko mwili, macho makubwa yaliyokaa chini kidogo usoni, mashavu ya mviringo, pua fupi. Yani sura ya mtoto mchanga. Tunalainika hata kama anayebeba hiyo sura sio mtoto wetu wala sio mtoto. Kindi wa Hokkaido ana vyote hivo kwaiyo binti wa kaka yangu alikuwa anaitikia kitu alichozaliwa nacho, na hamna dhambi hapo. Ila angalia hayo macho yalivyo. Ni makubwa kwa sababu mnyama anatembea gizani na anahitaji kila kichembe cha mwanga ili asigonge mti. Sisi tunaona upole na kutojua dunia, kumbe pale ni kifaa cha kazi, kama karabai za wavuvi wetu wa dagaa pale Kibirizi ukiziangalia kwa mbali usiku zinapendeza ziwa zima utadhani mji lakini mvuvi hajaziwasha ili zipendeze.

Kolugo naye ana macho makubwa, tena makubwa haswa. Kilichomponza ni pua ndefu, ndo maana hata waliompa jina la kisayansi waliandika Cynocephalus, kwa Kigiriki ni kichwa cha mbwa. Na wa kwetu Afrika wakamwita Anomalurus, mkia usio wa kawaida. Hata kwenye Kilatini cha maabara utaona mtu aliangalia mnyama akashangaa kabla hajapima.

Kingine ambacho hatukiangalii ni namna picha zilivyopigwa. Kindi wa Hokkaido anapigwa kwa mbele, katulia, tena kipindi cha baridi kali manyoya yakiwa yamejaa, ngozi yote ya kutelezea imekunjwa huioni hata kidogo. Huyohuyo ukimpiga kwa chini akiwa hewani ni pembe nne bapa lenye kichwa, kama chapati imerushwa. Kolugo yeye hawezi kuificha ngozi, ni nyingi mno, akikaa inaning'inia, akishika mti inakuwa kama nguo ya mtu mwingine. Kwaiyo tunashindanisha mnyama aliyevaa na mnyama aliyevuliwa afu tunasema tumelinganisha sura.

Na hapa ndo nataka nikae kidogo maana hii ngozi ndo kila kitu. Kolugo jike anabeba mimba kama siku 60 hivi, mtoto anazaliwa hajakomaa kabisa, kadogo mno, gramu chache ukilinganisha na mama. Mama hana kiota cha maana wala hana mfuko kama kangaruu. Anachofanya anakunja mkia wake mbele, ngozi inakuwa kama machela ya kulalia, mtoto anajishikiza tumboni humo anakaa karibu miezi 6, mama akilala chini ya tawi mtoto amelala kwenye ngozi, mama akijirusha mti kwa mti mtoto yumo. Hiyo ni mbeleko. Sina neno lingine. Ile shuka iliyolowa, lile lidude lililomshtua binti, ni mbeleko ambayo mama amezaliwa nayo, na mbeleko hiyohiyo ndo chombo chake cha safari. Mimi mwenyewe wanangu wawili niliwabeba kwa kitenge nikipandisha kutoka sokoni, mzigo kichwani, mtoto mgongoni, kitenge kimelowa jasho kimelegea upande mmoja, na hakuna mtu wa Kigoma aliyewahi kuniangalia akasema angalia libaya lile. Wanajua wanachokiona. Tofauti ni hiyo tu, kwa kolugo hatujui tunachokiona.

Afu kuna jambo ambalo lilinikalisha kimya siku nilipolisoma mara ya kwanza. Utafiti wa vinasaba uliotoka 2007 ulionyesha kolugo ndo ndugu wa karibu zaidi aliyebaki hai wa kundi letu, kundi la komba, tumbili, nyani, sokwe na binadamu. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2016 ukaliunga mkono hilo. Maana yake lidude liko karibu na binti wa kaka yangu kwa damu kuliko kanyama ka Hokkaido.

Basi nikafanya jaribio dogo darasani, kidato cha tatu. Nikawaonyesha picha zilezile mbili wakasema vilevile, huyu kyuti, huyu anatisha, mmoja akasema anafanana na mchawi aliyeishiwa. Sikuwabishia. Kesho yake nikaja na video tu ya kolugo anaruka, nimeazima projekta, madirisha tumeziba na kanga. Mnyama yupo juu ya shina, anaonekana kitu kimebandikwa, hamna anayecheka sasa wanasubiri, ghafla anajisukuma kwa miguu ya nyuma na ile ngozi inafunguka yote kwa mara moja, inakaza, inakuwa bapa kabisa kama tanga la jahazi likipata upepo, anapita kwenye uwazi wa msitu kimya, na karibu na mti wa pili anainua mwili, ngozi inavimba kama parashuti, anagota kwa miguu yote minne. Darasa likavuta pumzi. Ule mlio wa watu wengi kuvuta pumzi pamoja, nadhani kila mwalimu anaujua na anausubiri mwaka mzima. Wakaomba irudiwe, tukarudia mara nne.

Hapo ndo nilipopata msimamo wangu na ndo huu naouandika. Mnyama anayeteleza hewani huwezi kumhukumu amekaa. Ni kama kuhukumu mtumbwi ukiwa umepinduliwa mchangani Katonga ukasema una umbo baya, una tumbo, umejipinda. Usukume majini kwanza. Umbo lake lote limetengenezwa kwa zile sekunde chache anapokuwa hana kitu chini yake, na ukimtazama nje ya hizo sekunde umetazama kitu kilichokunjwa.

Mtu anaweza kuniambia mwalimu acha hisia, huo utelezi ni njia ya uvivu tu, mnyama anaokoa nguvu. Hata mimi nilidhani hivo. Watafiti waliwabandika kolugo wa Singapore vifaa vidogo mgongoni vya kupima mwendo, matokeo yakatoka 2011, kumbe kuteleza kunamgharimu nguvu zaidi kuliko angetembea tu matawini, sababu kila mruko unampotezea urefu na lazima apande tena. Anachookoa ni muda. Pia wamegundua akiruka mbali anatua taratibu kuliko akiruka karibu, maana anapata nafasi ya kufungua ngozi na kupunguza kasi. Kwaiyo ule ufundi wa mwishoni wa kuinua mwili sio mapambo. Ila mi bado nauona mzuri, na sioni kwa nini kitu kikiwa na sababu kiache kuwa kizuri.

Sasa wa kwetu. Kwenye misitu ya Afrika kuanzia magharibi, kati, mpaka huku Tanzania upande wa magharibi, kuna mnyama vitabu vinamwita kindi mkia magamba wa Derby. Jina alipewa 1842 kwa heshima ya bwana mkubwa mmoja wa Uingereza, Lord Derby, aliyekuwa anafuga wanyama kutoka dunia nzima kwenye shamba lake, na huyo bwana ndo jina lake limekaa kwa mnyama ambaye yupo kwetu na wengi wetu hatujawahi kumwona. Uzito wake ni nusu kilo mpaka kilo moja hivi, mgongo wa kijivu au kahawia, tumbo jeupe, masikio makubwa yasiyo na manyoya, anatafuna magome na kulamba utomvu, mchana analala kwenye tundu la mti. Chini ya mkia karibu na shina ana magamba magumu yamechongoka yamepangwa safu mbili. Akitua kwenye mti yale magamba yanakamata gome asiteleze chini.

Nikiwaonyesha watu picha yake wanasema panya. Panya mkubwa mwenye ngozi ya ziada. Wakifika kwenye magamba wanakunja uso kabisa, eti nusu panya nusu nyoka. Hata ukindi wenyewe ni wa jina tu, ndugu yake wa karibu aliye hai huko porini ni kamendegere, yule anayerukaruka usiku kama kangaruu mdogo, watu wa Singida wanamfahamu vizuri maana wengine wanamwinda. Mmoja wa ukoo alibaki chini akajifunza kudunda, mwingine akapanda juu akajifunza kuteleza.

Kuhusu magamba hebu tukumbushane kitu. Kakakuona ana magamba kuanzia kichwani mpaka mkiani, na akitokea kijijini Tanzania hii hakuna anayesema ana sura mbaya. Watu wanakusanyika, wanamwekea maji, unga, jembe, wanaangalia anaenda wapi, wanasoma mwaka utakuwaje, mpaka viongozi wanaitwa. Magamba yaleyale. Kwaiyo tusisingizie macho, macho hayana ugomvi na gamba. Kakakuona amepewa hadithi nzuri na wazee, kindi mkia magamba hajapewa hadithi yoyote, na mnyama asiye na hadithi tunamfananisha na kile kibaya kilicho karibu, kwake yeye ikawa panya.

Ila nisiwadanganye kwamba kuitwa mzuri ni salama, na kakakuona huyohuyo anawindwa mpaka anakaribia kwisha kwa ajili ya magamba yake. Angalia wa Australia, yule mdogo anayelamba utomvu mtamu, Wazungu wanamwita shuga glaida. Sura ya mtoto, mstari mweusi mgongoni, analala kiganjani. Marekani wanafugwa sana majumbani, jimbo la California wamekataza lakini majimbo mengi ruksa, na vipimo vya vinasaba vilionyesha wanaofugwa kule wametokana na wa upande wa Papua, Indonesia, sio Australia kama wengi walivyodhani. Huyu mnyama porini anaishi kwa kundi, wanalala wamerundikana tundu moja, usiku wanasafiri mti kwa mti. Ndani ya nyumba anapewa kizimba na mara nyingi anakuwa peke yake, mwenye nyumba anamtaka aamke mchana acheze, na akizidiwa na upweke anaanza kujing'oa manyoya mwenyewe. Utando wake unabaki umekunjwa maisha yote. Uzuri wake ndo ulimpeleka pale. Binti wa kaka yangu alisema natamani nikaweke mfukoni, alisema kwa mapenzi kabisa, na ndo hivohivo wengine walisema kabla ya kufungua pochi.

Na wapo wazuri ambao hata huo uzuri haukuwasaidia. Australia hiyohiyo kuna glaida mkubwa, manyoya kama pamba, masikio kama mtoto wa dubu, ukimwona lazima utabasamu. Mwaka 2022 serikali yao ilimpandisha daraja akawekwa kwenye walio hatarini kutoweka, baada ya ukataji wa misitu na ule moto mkubwa wa 2019 na 2020. Anachokosa sio wapenzi. Anakosa matundu ya miti, maana kule mti mpaka ufanye tundu la kulala mnyama inabidi uwe umezeeka, miaka 100 na zaidi, na mti mzee ukishakatwa hata ukipanda miche elfu unasubiri vitukuu.

Sasa sisi wa huku mwisho wa reli tuna ushahidi mkubwa kwamba sura inaweza kuokoa, siwezi kuukwepa. Mwaka 1960 Jane Goodall alifika Gombe, akawapa sokwe majina badala ya namba, Flo, Fifi, David Greybeard, dunia ikawaangalia usoni ikaona watu. Gombe ikawa hifadhi ya taifa 1968, Mahale 1985. Sokwe wakilindwa na msitu unalindwa, na kilichomo ndani yake kinapona pamoja nao. Nakubali kabisa, na nashukuru. Lakini misitu mingi ya Kigoma ipo nje ya mipaka ya hifadhi, na kule uso wa sokwe haufiki kuombea kila mti. Kule mti unapimwa kwa gunia la mkaa, au unapisha shamba, au unapisha michikichi, na mimi sipingi michikichi maana mawese yamenisomesha. Nachosema ni kwamba kwenye hiyo hesabu mti wa kwanza kuanguka huwa ni ule mzee wenye tundu, hauna mbao nzuri, umeoza katikati, watu wanasema huu hauna faida tuuondoe. Hapo ndipo kindi mkia magamba anapolala mchana.

Baba yangu mdogo anafuga nyuki upande wa Uvinza, kwenye miombo ya kuelekea milima ya Masito. Likizo nilimfuata. Nikamwamkia, tukaongea ya nyumbani, afu nikamtolea ile picha ya mkia magamba kwenye simu nikamuuliza baba mdogo huyu unamfahamu. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akasema sura siifahamu. Nikamweleza anavyofanya. Hapo akaniangalia. Akasema mwanangu ungeanza na hilo, kipo kitu nakionaga nikichelewa kurina, kinatoka kwenye muyombo mmoja mkubwa pale bondeni karibu na kijito, mi nilidhani ni popo mkubwa lakini nikawa najiuliza mbona hapigi bawa.

Jioni tukaenda. Ule muyombo una tundu juu pale tawi la kwanza lilipovunjika zamani, na kwenye gome kuna sehemu zimetafunwa, mbichi, utomvu umetoka umekauka nusu. Baba mdogo akaniambia msimu huu nilitaka kuuangusha, juu kabisa kuna nyuki wakali na mzinga hauingii vizuri. Tukakaa chini ya mti mwingine, yeye kazima tochi, mi nimejifunga kitenge sababu ya mbu. Giza likaingia. Kwa muda mrefu hamna kitu, chura tu kwenye kijito na komba mmoja analia mbali kama mtoto. Afu kipande cha giza kikabanduka kwenye ule mti, kikapita juu yetu, nyota zikazimika zikawaka tena, kimya kabisa, na upande wa pili tukasikia kucha zinagusa gome, krr, na vumbi la gome likadondoka kwenye majani.

Baba mdogo akaninong'oneza, umemwona sura?

Nikamwambia hapana.

Akanyamaza kidogo. Akasema na mimi sijamwona, afu akaniuliza kama ule mti wa upande wa pili nao una tundu, twende kesho asubuhi tukauangalie kabla wenye mkaa hawajafika bondeni.